Mishono Hamsini na Miwili

Niseme mapema tusije tukalaumiana: mimi hasira zangu ziko karibu. Siku ile ya Jumanne, mwaka wa hamsini na saba, Daktari aliponitupia vipande viwili vya chuma mezani na kusema nimekipika kibamba mpaka kikafa, nilihisi damu ikipanda hadi masikioni. Mimi Nyongesa, dresa wa chumba cha upasuaji, miaka minane sijawahi kumpelekea mtu kifaa kichafu. Nilikuwa nikilichochea kuni mwenyewe pipa la mvuke wa kuulia vijidudu, nikikaa mbele yake na saa mkononi, sitoki hata kwenda kunywa chai. Leo ndiyo niambiwe naua chuma?

Kibamba chenyewe ni kitu kidogo. Ni chuma chembamba, urefu wake kama kidole cha kati, kina matundu matano ya skrubu na kinang'aa kama kijiko kipya. Mfupa ukivunjika vibaya, Daktari alikuwa akipasua, anaziunganisha ncha mbili, anakilaza kibamba juu yake na kukaza skrubu. Kinabaki humo ndani ya nyama mpaka mfupa ushikane. Siku zile vibamba vyetu vilikuja kwa meli kutoka Uingereza, na ukiagiza leo unasubiri miezi mitatu.

Hicho kilichovunjika kilikuwa kwenye mkono wa Wangare, mama wa Bondeni, hapa hapa Nakuru, aliyekuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya mkono. Wiki saba kabla aliteleza kwenye ngazi za soko akauvunja mkono wa kulia, mfupa ule wa upande wa kidole gumba. Tukamtia kibamba, tukamwonya asiinue chochote, akaenda nyumbani. Jumatatu hiyo akarudi mkono umevimba na umepinda, na picha ikaonyesha kibamba kimekatika katikati. Daktari akampasua siku ile ile, akatoa vipande, akamfunga plasta ya muda.

Kwanza alilaumiwa Wangare. Daktari alikuwa Mwingereza mrefu mwenye mikono mizuri na subira fupi, wagonjwa walimwita Bwana Haraka na yeye alijua na hakujali. Alimwuliza Wangare ameinua nini. Wangare akasema hajainua hata kikombe. Daktari akasema chuma hakikatiki bure, na huko Bondeni kila mwanamke anachota maji kwa debe. Maneno hayo yalisemwa mbele ya Karanja, mume wa Wangare, fundi wa baiskeli, ambaye kwa wiki saba alikuwa akienda bombani mwenyewe na debe begani huku wanaume wenzake wakimcheka. Aliposikia kwamba huenda mkewe alikuwa akichota kwa siri mgongoni mwake, alitoka wodini bila kuaga. Hakurudi siku hiyo.

Halafu Daktari akauona mfuko, na lawama ikahamia kwangu.

Hapa inabidi nieleze utaratibu wangu. Kila kibamba nilikuwa nimekishonea mfuko mdogo wa kitambaa cha marekani. Kila kikiingia kwenye pipa la mvuke, nilitia mshono mmoja wa uzi mwekundu kwenye upindo wa mfuko wake. Hakuna aliyeniagiza, nilipenda tu kujua. Na hesabu ilipanda haraka, kwa sababu kila upasuaji trei nzima ilipitishwa mvukeni, kikatumika kibamba kimoja au kisitumike hata kimoja, na vingine vyote vikarudi kabatini kungoja zamu nyingine. Kibamba kingeweza kuingia kwenye pipa mara hamsini kabla hakijapata mfupa wake.

Mfuko wa kibamba cha Wangare ulikuwa na mishono hamsini na miwili. Daktari aliihesabu kwa ncha ya kalamu, mara mbili, kisha akanitazama.

"Wewe napika hii chuma mpaka nakufa," akasema.

Akatoa amri palepale: kibamba chochote chenye mishono zaidi ya kumi kisiguse mgonjwa. Nilivyokuwa navyo ni vitano, na hakuna hata kimoja kilichokuwa chini ya kumi. Maana yake Wangare angebaki na plasta peke yake, na plasta haiwezi kuushika mfupa ule. Ungeshikana ukiwa umejipinda, na kiganja chake kisingegeuka juu tena maisha yake yote. Mtu asiyeweza kugeuza kiganja hawezi kuzungusha mkono wa cherehani. Daktari alisema angeweza kumpasua tena kabla ya Ijumaa kwisha. Baada ya hapo nyama zingekuwa zimekaza na asingethubutu.

Nilikwenda wodini kumtazama. Wangare alikuwa ameketi kitandani, plasta imelala juu ya mto, macho mekundu lakini mdomo uko palepale. Aliniomba huo mfuko ambao watu wote walikuwa wakiuzungumzia. Akaugeuza kwa mkono wa kushoto, akautazama upindo wake, mishono yangu iliyokwenda upande.

"Nani alishona hii?"

"Ni mimi."

"Pole sana," akasema.

Nilicheka, naye akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka na kuniuliza kama na mimi naamini aliinua debe. Nikamwambia namwamini yeye. Ilikuwa kweli, lakini nikisema ukweli wote, nilikuwa naamini mvuke wangu zaidi. Akasema kama si yeye na si mimi, basi ni nani.

Nilitoka pale nikiwa nachemka. Nakuru ni mji wa reli, popote uliposimama siku zile ulisikia gari moshi likikohoa. Nilisimama nje ya wodi nikalisikia moja likipanda kuelekea Molo, na wazo likanijia kwa kishindo. Lile birika lake la chuma lilikuwa linakunywa mvuke tangu kabla sijaoa, mvuke mkali kuliko wangu mara nyingi, na hakuna mtu aliyewahi kusema limepikwa likafa. Kama mvuke unaua chuma, gari moshi lingefikaje Molo?

Nilirudi kwa Daktari mbio, nusura nimgonge mpishi mlangoni. Nikamwambia naomba kupima. Nilidhani atanifukuza, lakini yule mtu alikuwa na udhaifu mmoja mzuri: alipenda ushahidi kuliko alivyojipenda. Alifungua droo akatoa karatasi iliyokuja na sanduku la vibamba kutoka kiwandani. Ilieleza kwamba ukikilaza kibamba juu ya vyuma viwili, ukaning'iniza uzito katikati, lazima kibebe ratili sabini, na ukiondoa uzito kirudi kuwa kama kilivyokuwa. Kikibaki kimepinda hakifai. Akaniambia nimletee majibu Alhamisi kabla ya jioni, yametiwa sahihi na mtu anayejua chuma. Vikifaulu, atampasua Wangare Ijumaa asubuhi.

Anayejua chuma nilikuwa naye nyumbani. Wamalwa, kaka wa mke wangu, alikuwa fundi kwenye karakana ya reli, na mkubwa wake hakuwa na ubaya na mtu aliyekuja na swali la maana. Wamalwa alipoisoma ile karatasi alisahau hata kunisalimia vizuri. Mtu wa kupenda vitu vya kupimwa huyo, anaweza kumpimia mtoto uji. Alichukua vyuma viwili vya mviringo akavifunga kwenye fremu, akatengeneza kulabu ya waya mnene, akatundika chini yake sahani aliyoikata kutoka kwenye pipa la oili. Mawe ya uzito tuliazima kwenye mizani ya mizigo. Kisha akafanya kitu kilichonifurahisha mpaka leo: alichukua spoku ya baiskeli, ncha moja akaigusisha katikati ya kibamba, nyingine akaipitisha mbele ya ubao alioupiga mistari ya penseli. Kibamba kikishuka kiasi cha unywele, ncha ile ya mbali ilitembea upana wa kidole. Macho yangu yasingeweza kudanganywa.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, jua linapiga kwenye mabati. Nilitaka kuanza na kibamba kichanga, chenye mishono kumi na minne, lakini Wamalwa alikataa.

"Anza na huyo mzee," akasema.

Mzee alikuwa na mishono sitini. Hakuna kibamba kilichoingia kwenye pipa langu mara nyingi kama hicho. Nilikilaza juu ya vyuma, na Wamalwa akaanza kuweka mawe, kumi, ishirini, thelathini, akisoma kwa sauti kila mara. Spoku ikawa inateremka kwenye ubao. Hamsini. Mafundi wawili wa upande wa pili waliacha nyundo zao wakaja kutazama. Sitini. Sabini. Sahani ikaning'inia pale, inazunguka polepole, na kibamba kikakaa kimya.

Sasa kuyaondoa mawe. Hapo ndipo penye kesi, kwa sababu kubeba peke yake hakutoshi. Jiwe moja moja likatoka, na spoku ikapanda, ikapanda, na jiwe la mwisho lilipotoka ikasimama juu ya mstari wake wa kwanza. Si karibu na mstari. Juu ya mstari.

Sijui nilipiga kelele gani. Ninachojua ni kwamba nilimbeba Wamalwa, na Wamalwa si mtu mdogo. Tukaweka cha mishono thelathini na minane, kikarudi kwenye mstari. Cha thelathini na mmoja, kikarudi. Kichanga cha kumi na minne, kikarudi sawasawa na mzee wa sitini, bila tofauti hata ya upana wa penseli. Wale mafundi wawili walikuwa wameshaanza kushangilia kana kwamba wana ndugu yao humo ndani. Mmoja alitaka tuendelee mpaka ratili mia tuone, nikamwambia akome, hivyo ni vya mkono wa mtu. Nilikuwa nimeshinda. Tayari nilikuwa natunga kichwani maneno nitakayomwambia Daktari, na hayakuwa maneno ya unyenyekevu.

Nilikuwa nimebakisha kimoja. Nilikibakisha makusudi, kama mtoto anavyobakisha nyama pembeni mwa sahani. Hicho sikukiweka na wenzake kabatini, nilikitunza kwenye kopo la siagi, kwa sababu kilikuwa kimekunjwa tayari kufuata umbo la mfupa wa mkono, na nilikuwa nimekikunja mimi. Kilikuwa na mishono ishirini na mitatu tu. Nilikiweka nikitabasamu.

Ratili kumi, ishirini, thelathini. Kwa arobaini spoku ilishuka, ikaendelea kushuka yenyewe bila Wamalwa kuongeza jiwe. Akatoa uzito haraka. Spoku ikapanda kidogo, ikasimama chini kabisa ya mstari. Kibamba kilikuwa kimelegea katikati, unakiona kwa macho tu bila spoku wala ubao.

"Hii haijarudi, mulamwa," Wamalwa akasema, akiniita shemeji kwa lugha ya kwetu.

Alikichukua akaenda nacho mlangoni kwenye mwanga, akakisugua kwa kidole gumba. Kisha akaniita nitazame ndani ya tundu la katikati. Kwenye ukingo, mahali ambapo kitambaa cha kung'arishia hakifiki, kulikuwa na rangi ya samawati iliyochanganyika na kahawia.

"Hii imeona moto," akasema. "Si mvuke. Moto. Nani aliichoma?"

Nilijua ni nani.

Baba yangu alikuwa mhunzi huko Kimilili, na baba yake pia. Nilikulia kando ya mivukuto nikitazama majembe yakizaliwa. Siku ya kwanza nilipojaribu kukunja chuma kikiwa baridi, baba alinichapa kwa mpini wa nyundo na kuniambia nimeitukana kazi. Chuma kilitiwa moto kwanza kikawa chekundu, ndipo kikakunjwa, na hakuna mtu kwetu aliyefanya vingine. Basi nilipokuja hapa nikamwona Daktari anahangaika kukunja vibamba kwa koleo mbili, vikiwa baridi, anatoka jasho na kutukana kwa Kiingereza, nilimwonea huruma. Nikamwambia aniachie mimi. Nilikwenda nyuma ya jiko la hospitali, nikawasha stovu ya mafuta, nikakishika kibamba ndani ya mwali mpaka kikawa na rangi ya papai lililoiva. Nikakikunja juu ya bomba kwa upole, kikatii. Nikakisugua kwa jivu na kitambaa mpaka kikang'aa upya. Daktari alipokiona alisema hajawahi kuona kazi safi namna ile, na hakuuliza nimefanyaje. Mimi nami sikumwambia, kwa sababu ukimwonyesha mtu jinsi kazi ilivyo rahisi anaacha kukusifu.

Nilivikunja hivyo viwili tu. Kimoja ni hiki cha kwenye kopo. Cha pili kilikuwa cha Wangare.

Nilitoa vipande viwili mfukoni, maana nilikuwa natembea navyo tangu Jumanne kwa hasira. Kimevunjikia kwenye tundu la katikati. Ndani ya tundu, rangi ile ile ya samawati. Na uzi mwekundu ulisemaje juu ya moto huo? Haukusema kitu. Kila mvuke nilikuwa nimeutilia mshono, lakini moto sikuutilia hata mmoja, kwa sababu moto niliuona ni wa nyumbani kwetu, hauhesabiwi.

Wamalwa alinieleza polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Alisema chuma hiki si cha jembe. Nguvu yake ilitiwa kiwandani kwa kubanwa kikiwa baridi, na ukikipeleka kwenye moto mkali namna ile kinaisahau, na hata ile tabia yake ya kukataa kutu inaharibika. Pipa langu la mvuke halifiki hata karibu na moto huo. Kisha akaandika tarakimu za vile vinne kwenye karatasi na kutia sahihi yake, akanipa vibamba hivyo, na hicho cha tano akakishika mkononi.

"Daktari ameuliza habari ya mvuke," akasema. "Hakuuliza moto."

Alikuwa ananipa njia, na namshukuru, ni ndugu wa mke wangu. Nilikichukua kibamba cha tano nikakitia mfuko wa suruali. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba hakuna ubaya. Wangare atapata kibamba kizuri, mimi sitachoma tena, na Daktari atakunja kwa koleo zake. Nani ameumia?

Daktari nilimkuta wodini, kando ya kitanda cha Wangare, anapima vidole vyake kama vina joto. Nilivipanga vile vinne juu ya blanketi, kila kimoja juu ya mfuko wake, na kumpa karatasi. Nikamweleza spoku na ubao na mstari wa penseli, na furaha ikanirudia nikiwa nasimulia, nikaonyesha kwa mikono jinsi mzee wa sitini alivyorudi. Daktari alisoma tarakimu zote. Uso wake ukafunguka nikaona kumbe anaweza kucheka. Alinipiga bega, akasema nina haki na yeye amekosa, na kesho saa mbili asubuhi tunafanya kazi. Sikuwahi kusikia mzungu anasema hivyo mbele ya wodi nzima. Nilikua urefu.

Kisha akamgeukia Wangare, bado anatabasamu.

"Basi chuma mzuri, mvuke mzuri," akamwambia. "Mama, wewe nadanganya. Wewe nainua debe."

Hilo sikuwa nimelipigia hesabu. Kwa kuutoa mvuke kwenye kosa nilikuwa nimelirudisha kosa kwake, kwa ushahidi wangu mwenyewe uliotiwa sahihi. Wangare alitazama vile vibamba vinne kwenye blanketi lake, kimoja kimoja. Nilitegemea atabisha kama alivyobisha Jumatatu. Hakubisha.

"Sawa, Daktari," akasema kwa sauti ndogo. "Andika nimeinua. Nifunge mkono tu."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena tangu siku ile. Huyu mama alikuwa anaununua mkono wake kwa uongo, na uongo wenyewe ulikuwa wangu.

"Hakuinua kitu," nikasema. "Daktari, hicho cha mkono wake nilikichoma mimi. Kwa stovu, nyuma ya jiko, ili nikikunje."

Nilitoa kibamba cha tano pamoja na vile vipande, nikaviweka mbele yake na kumwonyesha tundu. Nilisema yote, baba yangu na papai na jivu, haraka haraka kabla ujasiri haujaniishia. Daktari alikichukua kile kibamba kilicholegea akakishika kwa mikono miwili, akakikunja kwa vidole gumba. Kikakubali. Alikitazama kwa muda mrefu, yeye asiyekuwa na muda.

"Mimi hapana uliza," akasema hatimaye. "Mimi naona kazi mzuri, nafurahi, hapana uliza."

Alichukua faili ya Wangare, akakata mstari mmoja kwa kalamu, akaandika mwingine. Kisha akamwambia Wangare samahani, akatoka. Mlangoni alisema bila kugeuka kwamba nisiguse kibamba kingine mpaka aniruhusu, isipokuwa cha kesho, na hicho nitakishika yeye akiona.

Tukabaki wawili. Ningependelea Wangare anitukane.

"Ulisema unaniamini," akasema.

"Nilikuwa nakuamini."

"Uliniamini na huku unaniacha nilale hapa siku tatu naitwa mwongo?"

Nikamwambia sikujua mpaka leo mchana. Akaniuliza, na tangu leo mchana mpaka hapa kitandani nilikuwa nakwenda kusema nini. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto, akakigusa kibamba cha mishono sitini.

"Nataka hiki. Kimesumbuliwa kuliko vyote na bado kinarudi. Na kisikaribie jiko lako." Akavuta blanketi. "Karanja hatalisikia hili kutoka kwangu. Nenda wewe."

Nilikwenda nikiwa na nguo za kazi hivyo hivyo, jua bado liko juu ya mlima Menengai. Karanja alikuwa mbele ya nyumba yake Bondeni, baiskeli ya mteja imepinduliwa, anakaza mnyororo. Hakuinua macho. Nilimwambia kilichotokea kwa maneno machache, kwa sababu maneno mengi yangekuwa ya kujitetea. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hivyo hakuinua debe?"

"Hata kikombe."

Aliweka spana chini. Akaisimamisha ile baiskeli ya mteja, ambayo haikuwa na kiti, akaipanda akaondoka akikanyaga kwa kusimama, anapita katikati ya kuku na watoto kuelekea hospitali. Nilibaki nikilinda vyombo vyake mpaka jirani alipokuja kuniuliza mimi ni nani.

Ijumaa asubuhi nilitia mshono wa sitini na moja. Daktari alikikunja kibamba kwa koleo zake mbili, kikiwa baridi, anakijaribu juu ya mfupa, anakitoa, anakikunja tena kidogo. Alitoka jasho mpaka nikampangusa mara nne. Bwana Haraka hakuharakisha hata kidogo asubuhi ile, na skrubu ya mwisho ilipokaa alishusha pumzi nami nikashusha yangu.

Mwezi mzima sikugusa kibamba. Nilichochea kuni na kukunja bandeji, na stahili yangu ilikuwa hiyo.

Wangare alirudi baada ya miezi minne. Picha ilikuwa nzuri, mfupa umeshika, kibamba kimenyooka mahali pake. Daktari alikwisha kumwona na kumruhusu, lakini yeye alipita kwanza kwenye meza yangu. Alisimama mbele yangu, akaunyoosha mkono wa kulia, kiganja chini. Kisha akakigeuza. Kiliinuka polepole kikatazama dari, chote, bila kusita, na moyo wangu ukaruka kama siku ile ya spoku. Nikadhani amekuja kunionyesha hicho tu.

"Nipe," akasema, kiganja bado kiko wazi.

Nilimwuliza nimpe nini. Akasema kile kilichovunjika. Nilifungua droo nikampa vile vipande viwili. Alivifunga mkononi, akatoa kwenye kikapu mfuko mpya wa marekani, mshono wa cherehani, umenyooka kuliko kitu chochote nilichowahi kushona. Akavitia humo, akauweka juu ya meza na kuusukuma upande wangu.

Kwenye upindo kulikuwa na uzi mwekundu, mishono midogo, yote urefu mmoja. Niliihesabu kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa hamsini na miwili, na baada yake, mwishoni kabisa, mshono mmoja mweusi.

"Huo uliusahau," Wangare akasema.